Kabla Hujalipia Mtoto wa Mbwa, Moyo Wake Usikilizwe

Mtu wa Same anayetaka mbwa wa mbegu ya kigeni mara nyingi humpokea stendi. Mtoto wa mbwa huletwa na basi kutoka Moshi, Arusha au Dar es Salaam, yumo ndani ya boksi lililotobolewa matundu, hela imeshatumwa kwa simu, na kilichobaki ni kufungua na kutazama. Watu hutazama masikio, unene wa miguu na rangi ya mgongo. Wachache huuliza cheti cha chanjo, na wanafanya vizuri. Moyo hauulizwi na mtu. Hauonekani kwa macho, tena wengi wetu tunaamini ugonjwa wa moyo ni wa binadamu waliokula chumvi nyingi.

Wapo mbwa wanaozaliwa na vali za moyo zenye kasoro, na mbegu tunazozipenda kwa ulinzi ndizo hasa zinazotajwa: German Shepherd, Rottweiler, Labrador, Boxer. Mwenye duka pale mjini, mwenye tangawizi kule Mamba Miamba na mwenye mahindi Mbaga anayeshinda akifukuza nyani, wote wananunua mbwa wa kazi. Na kazi ya mbwa huku Upareni ni kupanda na kushuka. Mbwa mwenye vali mbovu hawezi kazi hiyo, na anayelazimishwa anaweza kufia njiani. Ndiyo maana nasema moyo usikilizwe na mtu mwenye ujuzi kabla pesa haijatoka mfukoni. Uchunguzi huo huchukua dakika chache tu.

Moyo wa mbwa una vyumba vinne na vali nne, sawa na wetu. Upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu, wa kushoto huisambaza mwilini. Vali ni vipande vyembamba vya tishu vinavyoruhusu damu ipite upande mmoja na kuizuia isirudi ilikotoka. Mtoto wa mbwa akiumbika vibaya tumboni mwa mama yake, njia ya vali inaweza kuwa nyembamba mno damu ikapita kwa shida, au ikawa haifungi sawasawa damu ikarudi nyuma. Tumezoea kusikia habari za watoto wenye matundu kwenye moyo wanaotibiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwa hiyo mtu akiambiwa mbwa wake ana kasoro ya moyo huwaza tundu. Matundu yapo kwa mbwa pia, lakini kasoro za vali ni jambo jingine, na kila vali ina namna yake ya kuumiza.

Vali ya trikaspidi, iliyo upande wa kulia, ikivuja, damu hurundikana kwenye mishipa inayorudi moyoni. Mishipa ya shingo huvimba, ini hujaa, na baadaye maji huchuruzika na kujaa tumboni. Labrador ndiye anayejulikana zaidi kwa kasoro hii, na imethibitika kuwa huirithi. Vali ya mitrali ya upande wa kushoto ikivuja, maji hukimbilia kwenye mapafu. Mbwa huhema haraka na kukohoa, hasa usiku. Hiyo huonekana kwa Bull Terrier, Great Dane na German Shepherd. Vali ya kwenda mapafuni ikiwa nyembamba, kama inavyotokea kwa Boxer na mbwa wa jamii ya Bulldog, mbwa huchoka haraka na anaweza kuzimia akikimbia.

Inayonitia hofu zaidi ni ile ya njia ya kwenda aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Chini kidogo ya vali huota pete ya tishu ngumu inayobana mahali damu inapotokea kwenda mwilini. Rottweiler, Boxer, German Shepherd na Golden Retriever wote wamo. Mbwa huyu anaweza kuonekana mzima kabisa, ana misuli, anabweka vizuri, anakula, kisha siku moja anakimbilia getini na kuanguka amekufa. Wale wenye hali mbaya mara nyingi hawavuki miaka mitatu. Tena pete hiyo hukua pamoja na mtoto wa mbwa. Wiki ya nane daktari anaweza asisikie kitu, na mwezi wa kumi na mbili akasikia wazi. Kwa mbegu hizi, kusikilizwa mara moja hakutoshi. Rudi akifikisha mwaka.

Mbwa wetu wa kienyeji nao hawana kinga, ila wana nafuu. Mtafiti Donald Patterson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi mkubwa ulioonyesha kuwa kasoro za moyo za kuzaliwa huwapata zaidi mbwa wa mbegu safi kuliko machotara, na kwamba kila mbegu ina kasoro zake zinazojirudia katika ukoo. Sababu yake mfugaji yeyote wa mbuzi anaijua: ukipandisha ndugu kwa ndugu, ubovu uliojificha hujitokeza. Nchi yenye madume machache ya mbegu fulani, yanayopandishwa huku na huku kwa miaka mingi, inajitafutia shida hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye unachoweza kufanya mwenyewe kwa mkono wako. Mlaze mtoto wa mbwa ubavu wa kulia, mtu mwingine amshike kichwa kwa upole. Weka kiganja upande wa kushoto wa kifua, pale kiwiko cha mguu wa mbele kinapogusa mbavu. Tulia. Utasikia moyo ukigonga vidole. Mapigo ya mtoto wa mbwa ni ya haraka, hayo yasikutishe. Mbwa mkubwa aliyetulia huwa kati ya 60 na 140 kwa dakika, na wadogo huzidi hapo. Unachotafuta ni kitu kingine: kati ya pigo na pigo, je, unahisi mtetemo chini ya vidole, kama unavyohisi ukimshika paka anayekoroma kwa raha? Kisha peleka mkono upande wa kulia ufanye vilevile, kwa sababu trikaspidi husikika huko. Madaktari hupima mlio wa moyo, yaani sauti ya ziada kati ya mapigo, kwa ngazi sita, na mlio unaotetemesha mkono uko ngazi ya tano au ya sita. Ukiuhisi, usinunue. Muuzaji atakwambia ni woga au uchovu wa safari, lakini woga huongeza kasi ya mapigo tu, hauleti mtetemo.

Usipohisi kitu, usidhani umemaliza. Milio midogo haifiki mkononi, inahitaji stetoskopu na sikio lililozoea. Funua mdomo utazame ufizi: unatakiwa uwe wa waridi, na ukiubonyeza ukawa mweupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi wa buluu ni hatari ya leo hii. Ufizi mweupe mara nyingi una maana nyingine, yaani upungufu wa damu unaoletwa na minyoo ya safura, viroboto au kupe, na hapa nina neno la kumtuliza mnunuzi. Damu ikiwa nyepesi hutoa mlio moyoni hata kama vali ni nzima. Na wapo watoto wa mbwa wenye afya ambao moyo hutoa mlio hafifu wa ukuaji, ukapotea wenyewe kabla ya miezi sita. Kwa hiyo daktari akisema amesikia mlio mdogo, usimtupe mbwa. Mpe dawa ya minyoo, toa kupe, mlishe vizuri, kisha asikilizwe tena baada ya wiki chache. Mlio wa upungufu wa damu huondoka damu ikirudi, na wa vali hubaki au huongezeka.

Ambaye ameshanunua, na mbwa yuko nyumbani, ajifunze kuhesabu pumzi. Hiki ndicho kipimo bora kwa mtu asiye na mashine yoyote. Mbwa akiwa amelala fofofo, tazama ubavu ukipanda na kushuka. Hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Mbwa mwenye moyo mzima hulala akipumua chini ya mara 30 kwa dakika. Akizidi 30 usiku kwa usiku, mpeleke. Lakini hesabu usiku wa manane au alfajiri kabla jua halijapanda. Joto la Same mchana, hasa kuanzia Makanya hadi Hedaru, humfanya mbwa yeyote aheme ulimi ukiwa nje, na hesabu ya saa nane mchana haina maana. Andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Daktari atakushukuru kwa daftari hilo kuliko kwa maelezo marefu.

Tumbo nalo linawapoteza watu. Mtoto wa mbwa mwembamba mwenye tumbo kubwa kwetu jina lake ni minyoo, na mara nyingi ni kweli. Mpe dawa kwa mpangilio: kuanzia wiki mbili za umri, kila baada ya wiki mbili hadi afikishe wiki kumi na mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Ikiwa ametibiwa ipasavyo na tumbo bado linakua huku mgongo na mapaja yakikonda, weka kiganja upande mmoja wa tumbo, piga kidogo kwa kidole upande wa pili. Wimbi likivuka na kufika kiganjani, mle mna maji. Maji hayo yanaweza kutoka kwenye ini, kwenye njaa ya protini au kwenye moyo, na anayeweza kutofautisha ni daktari. Kumrudishia dawa ya minyoo mara ya tano ni kumpotezea muda. Asiwepo pia mtu wa kumchoma sindano kuyatoa nyumbani. Hiyo ni kazi ya zahanati ya wanyama.

Kuzimia ni jambo zito zaidi, na hapa natamani kila balozi wa nyumba kumi anisikie. Mbwa mwenye moyo mbovu akikimbia anaweza kuanguka ghafla, akalegea au akakakamaa, akajikojolea. Majirani wakimwona wanasema kichaa, na fimbo zinaanza. Au wanasema kalishwa sumu, na mtu anakimbilia maziwa kumnywesha. Yote mawili huua. Maziwa yanayomiminwa mdomoni mwa mbwa aliyezimia huingia mapafuni. Mwache alale ubavu kivulini, nyoosha shingo, fungua mkanda, usimpe kitu chochote mdomoni. Aliyezimia kwa moyo kwa kawaida huzinduka ndani ya dakika moja au mbili, akasimama na kukutambua kama vile hakuna kilichotokea.

Kichaa cha mbwa hakina mwendo huo. Mbwa hubadilika tabia siku hadi siku: anajificha au anakuwa mkali bila sababu, mate yanamtoka, sauti inageuka, anashindwa kumeza, kisha anapooza, na hufa ndani ya siku chache. Ukiwa na shaka, usimguse. Mfungie na umwite afisa mifugo. Na mbwa yeyote akimng'ata au kumkwaruza mtu, hata kama unaamini ni mgonjwa wa moyo tu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Ndiyo maana chanjo ya kichaa na cheti chake ni ulinzi wa pili kwa mbwa anayezimia: ukiwa na cheti mkononi unaweza kumtetea mbele ya watu.

Na chanjo nyingine zisiachwe kwa kisingizio kwamba mbwa ni mgonjwa. Sisi tunaoishi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi tunao mfano wa karibu. Mwaka 2000, mbwa mwitu waliokuwa wakifugwa humo kwenye mradi wa mhifadhi Tony Fitzjohn wa kuwaongeza wasitoweke walipatwa na virusi vya distempa. Katika muda wa miezi miwili walikufa 49 kati ya 52. Ugonjwa huohuo upo kwa mbwa wa mitaani, na mtoto wa mbwa mwenye moyo dhaifu ukimpata hana pa kukimbilia. Mweleze daktari hali ya moyo kwanza, kisha achanje.

Yapo maradhi ya huku yanayojifanya moyo, na daktari mzuri atayaondoa kwanza: homa ya kupe, ugonjwa wa mbung'o kwa mbwa wanaofuatana na mifugo kuelekea porini, ambao dalili yake moja ni jicho kugeuka jeupe, na minyoo ya moyo inayosambazwa na mbu, hasa kwa mbwa mkubwa aliyetoka pwani. Tone la damu kwenye kioo cha hadubini linaweza kukuokolea gharama nyingi.

Nani wa kumwendea? Kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, anayetibu mnyama anapaswa awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Anza na bwana mifugo wa kata yako, lakini muulize kwa heshima kama amezoea kusikiliza mioyo ya mbwa. Wengi wao kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, na mkweli atakuelekeza kwa daktari wa mifugo wa wilaya au kwa zahanati ya wanyama Moshi au Arusha. Stetoskopu itasema kuna mlio na uko upande gani. Eksirei itaonyesha moyo umekua kiasi gani na kama mapafu yana maji. Jina kamili la kasoro hutolewa na altrasaundi ya moyo, ile tunayoiita eko. Kwa hiyo uliza kuhusu hospitali ya kufundishia ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyopo Kabete. Piga simu kabla ya safari, uulize kama mashine inafanya kazi na anayeisoma yupo wiki hiyo. Anayevuka mpaka wa Holili ahakikishe ana vibali na cheti cha kichaa.

Kwa German Shepherd nina sababu ya ziada ya kusisitiza eko. Wapo wanaozaliwa na mshipa uliotakiwa ujifunge baada ya kuzaliwa lakini ukabaki wazi. Mlio wake hauna mapumziko, unavuma mfululizo. Hiyo si vali, na ukifungwa kwa upasuaji mapema mbwa anaweza kuishi maisha kamili. Ingekuwa dhuluma kumwacha afe kwa sababu tu tulisikia mlio tukakata tamaa.

Vali zenyewe hazina dawa ya kuzirudisha. Ulaya na Marekani vali nyembamba ya kwenda mapafuni hupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, na mbwa wengi hupata nafuu kubwa. Huku kwetu tegemeo ni vidonge. Furosemaidi hutoa maji, enalaprili na spironolaktoni husaidia moyo uliochoka, atenololi hutuliza moyo unaosukuma dhidi ya njia iliyobana. Nyingi ya hizi zipo kwenye maduka ya dawa za binadamu, na hapo ndipo hatari ilipo. Usikadirie dozi mwenyewe. Dawa inayomsaidia mbwa mwenye vali inayovuja inaweza kumdhuru mwenye njia iliyobana. Na diklofenaki au ibuprofeni, ambazo watu huwapa mbwa wanaochechemea, humharibia mbwa tumbo na figo. Kwa anayetumia furosemaidi ni hatari maradufu.

Kasoro ikiwa ndogo, mbwa anaweza kuzeeka nyumbani kwako bila kidonge hata kimoja. Mpangie kazi anayoiweza. Alinde geti la tambarare, asipelekwe kufukuza nyani kwenye miteremko ya Chome au Vudee. Atembezwe alfajiri, kwa mwendo wa kwake, na akikaa chini usimvute. Mnyororo wa shingoni ubadilishwe kwa mkanda wa kifuani, kwa maana mishipa ya shingo ya mbwa huyu inaweza kuwa na shinikizo tayari. Kivuli na maji visikosekane. Wapo wanaowanyima maji mbwa wanaokojoa sana kwa dawa, na hilo ni kosa kubwa. Ugali na dagaa ni chakula kizuri, ila dagaa waoshwe chumvi, na mabaki ya mchuzi wa hotelini yaachwe. Asinenepe.

Liko jambo moja nisilolilegezea. Mbwa mwenye kasoro ya vali ya kuzaliwa asizalishwe, awe dume au jike, awe na cheti cha ukoo au asiwe nacho. Jike mwenye moyo mbovu anaweza kufa kwa mimba yenyewe, na watoto watakaobaki wanaweza kwenda kwenye nyumba nyingine nane na ubovu uleule. Ahasiwe kama daktari ataona moyo unahimili dawa ya usingizi. Kama hauhimili, atengwe kila jike akiingia joto. Anayezalisha mbwa kwa biashara awasikilizishe wazazi wote wawili kwa daktari wakiwa wamefikisha mwaka, na amwambie kila mnunuzi wa uzao uliopita anapogundua tatizo. Kumpandisha dume unayemjua ana mlio wa vali, kwa sababu ada yake ni nzuri, ni kumuuzia mwenzako msiba.

Kwako mnunuzi, ikishindikana mbwa kusikilizwa kabla ya kulipa, andikianeni karatasi kwanza: mbwa atasikilizwa na daktari aliyesajiliwa ndani ya siku saba, na akikutwa na mlio wa ngazi ya tatu kwenda juu, pesa inarudi. Muuzaji akikataa sharti hilo, mwache na mbwa wake, utafute kwa mwingine.